Moto Kwanza, Rojo Mwisho: Mishikaki ya Kuku Juu ya Uwanda wa Ufipa

Mishikaki ya kuku iliyopakwa rojo tamu imejipatia sifa mbaya katika mabanda mengi ya nyama choma, na si kwa kuonewa. Nje imekuwa nyeusi na chungu, ndani nyama bado ina rangi ya waridi, na vidole vinanata kwa sukari iliyoungua. Mlaji akilalamika, lawama huenda kila upande: mkaa ulikuwa mkali, kuku alikuwa wa broila, asali ilichakachuliwa. Ukichunguza, mara nyingi kosa lilitendeka kabla nyama haijafika motoni. Mpishi alichanganya asali, tomato sosi na viungo katika beseni moja, akalaza vipande vya kuku humo usiku kucha, kisha akavitandaza moja kwa moja juu ya makaa yaliyokolea. Hoja ya makala haya ni moja: kazi ya kuivisha kuku ni ya moto peke yake, na rojo lina nafasi yake katika dakika tatu au nne za mwisho. Kanuni hii inafaa popote penye jiko la mkaa, lakini mjini Sumbawanga na juu ya uwanda wote wa Ufipa ina uzito wa pekee, kwa sababu mwinuko wa ardhi, upepo wa kiangazi na aina ya kuku wanaofugwa huko vyote vinamwadhibu haraka mpishi anayetanguliza utamu.

Tuanze na sukari yenyewe, maana ndiyo inayoungua. Sukari ya mezani huanza kugeuka karameli inapofika nyuzi joto 160 hivi. Kabla ya hapo inayeyuka tu. Baada ya hapo hupata rangi ya dhahabu, kisha kahawia, kisha inakuwa nyeusi na uchungu unafunika kila ladha nyingine. Asali ni nyepesi zaidi kuungua. Takribani asilimia 38 ya uzito wake ni fruktosi, asilimia 31 ni glukosi na asilimia 17 hivi ni maji, na fruktosi huanza kugeuka karameli karibu na nyuzi 110 tu. Ndiyo maana rojo la asali hung'aa vizuri na haraka, na ndiyo maana pia huharibika haraka. Tomato sosi ya chupa nayo ina sukari nyingi, hivyo anayeiongeza juu ya asali anaongeza kinachoungua. Sasa linganisha viwango hivyo na joto la jiko. Kaa linalong'aa jekundu lina joto la nyuzi mia kadhaa, na waya uliolala juu yake unavuka nyuzi 200 bila shida. Maji yaliyomo ndani ya rojo yanalilinda kwa muda mfupi, kwa sababu joto jingi hutumika kuyageuza mvuke. Yakishakauka hakuna kinachoizuia sukari isipande kutoka dhahabu hadi nyeusi, na safari hiyo haimalizi dakika mbili.

Kuku naye ana mahitaji yake, na hayapatani na haraka ya sukari. Nyama ya kuku inaweza kubeba vijidudu vya salmonela na kampilobakta, na ushauri unaotumika sana duniani ni kwamba katikati ya kipande pafike nyuzi joto 74 kabla hakijaliwa. Joto husafiri polepole ndani ya nyama, na unene una sheria kali: ukizidisha unene wa kipande mara mbili, muda wa joto kufika katikati huongezeka karibu mara nne. Kipande cha sentimita 3 juu ya makaa ya wastani huhitaji kama dakika 10 hadi 14, kikigeuzwa mara kwa mara. Kipande cha sentimita 6 kitaungua nje muda mrefu kabla ya kuiva ndani, hata kama hakikupakwa chochote. Hapa ndipo hoja nzima inaposimama. Kuku anaomba dakika kumi na zaidi, sukari inavumilia dakika chache, na hakuna ufundi wa viungo unaoweza kuzilinganisha saa hizi mbili. Kinachowezekana ni kuzipanga, moja itangulie na nyingine ifuate. Kwa hiyo vipande vikatwe sawasawa, vidogo, vipangwe kwenye kijiti bila kubanana sana ili joto lipite pande zote, na visipakwe kitu chenye sukari mpaka nyama imekaribia kuiva.

Mwinuko wa Ufipa unaongeza jambo ambalo mpishi wa Dar es Salaam au Tanga halimsumbui. Uwanda huu umeinuka kati ya mabonde mawili ya ufa, Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Maziwa yote mawili yako karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango cha maji kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja, hivyo maji ya Sumbawanga huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100. Mtu akitaka kupima kama kipimajoto chake cha nyama ni kizima kwa kukitumbukiza katika maji yanayotokota, akaona 94, asikitupe, kinasema kweli. Kwenye sufuria, mwinuko huu unamaanisha kuchelewa: maharage na kuku mzee hukaa motoni muda mrefu zaidi kuliko pwani, kwa kuwa maji hayawezi kupata moto zaidi ya hapo. Kwenye makaa mambo ni tofauti. Joto la kaa huja kama miale, na miale haijali usawa wa bahari. Uso wa nyama unabaki karibu na nyuzi 94 maadamu una unyevu, na unyevu huo huondoka mapema katika hewa nyepesi ya nyanda za juu. Baada ya hapo uso hupanda haraka kuelekea nyuzi 140 na zaidi, ambako protini na sukari asilia za nyama hukutana na kuzaa ile rangi ya hudhurungi na harufu ya nyama choma. Kwa mchoma nyama hiyo ni faida, maana kuku hupata rangi bila kuongezewa sukari. Kwa rojo lililopakwa mapema ni hatari, kwa sababu ngao yake ya maji inakauka upesi zaidi.

Kisha kuna hewa inayolisha moto. Kwenye mwinuko huo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na pwani, na oksijeni katika kila lita ya hewa imepungua kwa kiasi hicho hicho. Hewa ikitulia, mkaa husinzia. Lakini Ufipa ni nchi ya mbuga zilizo wazi, na katika miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, upepo wa kusini-mashariki hupita juu yake bila miti mingi ya kuuvunja. Jiko lile lile lililokuwa limesinzia linaweza kuwaka kwa ghadhabu ndani ya dakika moja. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko macho yanavyodhani, kwa kuwa miale ya joto huongezeka kwa kasi sana kadiri kaa linavyopata moto: kaa likipanda kutoka nyuzi 530 hadi nyuzi 730 hivi, joto linalolirusha kwenye nyama huongezeka karibu mara mbili na nusu. Mpishi anayepepea kwa kipande cha katoni kwa sababu mteja amesimama anacheza na nguvu hiyo, mara nyingi bila kujua. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza wa mchoma mishikaki ni kuitawala hewa. Jiko lilindwe kwa bati upande wa upepo, mlango wa chini ufunguliwe au ufungwe kulingana na kazi, na kupepea kuwe na sababu.

Ujuzi huo si mgeni Ufipa. Kabla chuma cha viwandani kutoka ng'ambo hakijaua soko lao, mafundi wa Kifipa walitengeneza chuma kwa hatua mbili, na hatua zote mbili zilitegemea mkaa na hewa. Kwanza mawe yenye madini yaliyeyushwa ndani ya ilungu, tanuri refu la udongo lililozidi kimo cha mtu na kukaribia mita 3. Malungu hayakuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kupitia mabomba ya udongo yaliyopangwa kuzunguka chini, ikavutwa juu na joto la ndani, na moto ukaendelea polepole kwa muda mrefu. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, hivyo kikahamishiwa kintengwe, tanuri dogo, ambako hewa ilisukumwa kwa mivukuto ili kukisafisha kwa moto mkali na wa muda mfupi. Kazi hiyo iliandikwa na R.C.H. Greig katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1937, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda akaichunguza kwa kina katika utafiti wake wa 1995 kuhusu uhunzi wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Mafundi wale hawakuchoma nyama katika malungu, wala mishikaki haikutokana na uhunzi. Kinachofaa kujifunzwa kwao ni jambo moja: mkaa ni ule ule, lakini hewa ikitawaliwa unatoa moto wa aina mbili, na kila moto una kazi yake na zamu yake. Mafundi hawakuuharakisha moto wa kwanza ili wafike upesi kwenye wa pili.

Jikoni kanuni hiyo inatekelezwa hivi. Mkaa uwashwe mapema, uachwe mpaka makaa yafunikwe na majivu mepesi meupe na moshi uishe. Kisha yasukumwe yawe mengi upande mmoja wa jiko na machache upande wa pili. Watu wengi hujaribu kupunguza moto kwa kuinua kijiti juu kidogo, lakini makaa yakiwa yametandazwa kote, kuinua kwa sentimita chache hakubadilishi sana, maana miale inatoka kila upande. Kusogeza pembeni ndiko kunakosaidia. Kiganja ni kipimo kizuri. Ukikiweka shubiri moja juu ya waya na kulazimika kukitoa kabla ya kuhesabu tatu, hapo ni pakali mno kwa kuku mbichi. Ukifika tano au sita, panafaa. Hatua ya kwanza nyama iwe na chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na mafuta kidogo ya alizeti, zao linalolimwa sana Rukwa. Igeuzwe kila baada ya dakika moja hivi mpaka inapoacha kutoa majimaji mekundu na ikichomwa na kijiti inabonyea bila kuteleza. Hapo ndipo rojo linapoingia, kwa safu nyembamba, mara mbili au tatu. Linapogusa nyama huchemka kwa mapovu makubwa mepesi, dalili kwamba maji bado yamo. Baada ya sekunde chache mapovu hupungua, yanakuwa madogo na mazito, na rangi inaanza kukolea kwenye pembe za kipande kabla ya sehemu bapa. Hiyo ndiyo alama ya kugeuza na kupaka upande wa pili. Ukisubiri mapovu yaishe kabisa na moshi wa bluu uanze kupanda, umechelewa.

Pingamizi la kwanza ni la wale wanaoamini kulaza nyama. Wanasema asali ikikaa na kuku usiku kucha ladha yake inaingia mpaka ndani, na anayepaka mwishoni anapata utamu wa juujuu tu. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, kwa sababu chumvi huingia. Ikipewa saa kadhaa, hupenya ndani ya nyama, huisaidia kushika maji na kuipa ladha hadi katikati. Sukari, viungo vya unga na harufu nyingi huishia milimita chache kutoka usoni hata baada ya usiku mzima, na ndimu iliyozidi huilegeza nyama nje iwe kama uji huku ndani haijabadilika. Kwa hiyo kulaza kuna maana, ila kinacholazwa ni chumvi, saumu na tangawizi, na ndimu iingie saa moja tu kabla ya kuchoma. Mwenye shaka anaweza kujipimia mwenyewe jioni yoyote: vijiti viwili vya kuku mmoja, moto mmoja, rojo moja, kimoja kikipakwa mwanzo na kingine kikipakwa mwisho. Mlaji hatahitaji kuambiwa kipi ni kipi. Tahadhari moja tu isisahaulike: brashi iliyogusa kuku mbichi isirudi kwenye bakuli la rojo, na rojo lililogusa nyama mbichi lisimwagiwe juu ya nyama iliyoiva.

Wafanyabiashara wana pingamizi lao, na lina uzito kwa sababu ni la riziki. Mteja amesimama, jirani anauza pia, na hatua mbili zinaonekana kama anasa ya mtu asiye na foleni. Lakini kwa mfanyabiashara ndiko hatua mbili zinakosaidia zaidi. Hatua ya kwanza ndiyo ndefu, na haimhitaji mteja. Inaweza kuendelea upande wa makaa machache wakati wote wa jioni, kundi moja likitoka na jingine likiingia. Mteja anapoagiza, kilichobaki ni dakika tatu za kupaka na kugeuza upande wa makaa mengi, mbele ya macho yake. Anapata nyama ya moto, inayong'aa, iliyopakwa kwa ajili yake. Muuzaji naye anapunguza hasara ya vijiti vilivyoungua na ya asali iliyodondokea motoni. Asali ni ghali, na anayelaza kilo tano za kuku ndani yake hutumia vikombe kadhaa ambavyo vingi huishia kwenye beseni na kwenye majivu, ilhali anayepaka mwishoni hutumia vijiko. Sharti lake ni nidhamu: nyama iliyoiva isishuke chini ya nyuzi 60 ikisubiri, na nyama iliyoiva nusu isiondolewe motoni ikae mezani kungoja wateja wa baadaye, maana hapo ndipo vijidudu huzaliana.

Wapo wanaosema kwamba kuku wa kuchoma ni chumvi, ndimu na pilipili, na kwamba rojo tamu ni jambo la kuiga. Chumvi na ndimu zina heshima yake, na hakuna anayezifukuza. Lakini hata mishikaki yenyewe ni mgeni wa bara aliyetoka pwani, ambako mikondo ya Bahari ya Hindi iliwakutanisha wapishi wa Uswahilini, Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Zanzibar, mishikaki huliwa na mchuzi wa ukwaju wenye uchachu na utamu pamoja. Japani wana mishikaki yao ya kuku, yakitori, ambayo huchomwa juu ya mkaa mgumu na kuchovywa katika mchuzi mzito uitwao tare wakati nyama imeshapikwa kwa sehemu kubwa, ikarudishwa motoni kwa muda mfupi. Watu walio mbali namna hiyo wamefikia utaratibu ule ule kwa sababu sukari na makaa havibadiliki tabia. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Na kwa upande wa vifaa, Ufipa haina haja ya kuagiza kitu. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa asali Afrika, na misitu ya miombo ya Katavi, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi 2012, ni makao ya nyuki ya tangu zamani. Ukwaju humea mabondeni penye joto. Ndimu, tangawizi na pilipili hupatikana sokoni. Rojo la namna hii ni la nchi hii kwa kila kilichomo ndani yake.

Pingamizi linalostahili kusikilizwa kwa makini zaidi ni la afya na misitu. Mafuta yakidondokea makaa, moshi unaorudi kwenye nyama hubeba kemikali ambazo wanasayansi wanazihusisha na saratani, na nyama ya aina yoyote ikiungua hutengeneza nyingine usoni pake. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani, na nyama zilizosindikwa katika kundi la vinavyosababisha. Kuku hakuwemo, ila kuku aliyebabuka hana kinga ya pekee. Hapa hoja ya makala haya inapata nguvu nyingine: moto wa wastani, kugeuza mara kwa mara, na kuweka sukari mwishoni vyote vinapunguza weusi, na weusi ndio tunaouepuka. Palipoungua pakatwe. Jambo la pili ni la uhai wa siku hiyo hiyo. Usiku wa Juni na Julai Sumbawanga ni wa baridi kali, na kuna kishawishi cha kuliingiza jiko chumbani baada ya kuchoma ili liwape watu joto. Makaa yanayong'aa bila moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa libaki nje mpaka lizimike.

Kuhusu misitu, ukweli usifichwe. Tanuri za kienyeji za kuchomea mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kila kilo moja ya mkaa, na sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ni nyasi. Miti iliyopo ina kazi nyingine kubwa. Msitu wa Mbizi ulio juu ya mji wa Sumbawanga ni chanzo cha maji na makao ya mbega wekundu, na mti unaokatwa huko kwa ajili ya mishikaki ni hasara isiyolipika. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Hoja ya moto kwanza na rojo mwisho haipingani na lengo hilo. Inafanya kazi kwa mkaa mbadala uliotengenezwa na mabaki ya mazao, na inafanya kazi kwa jiko la gesi, kwa kuwa ni hoja ya mpangilio wa joto na muda. Na pale mkaa unapotumika, nidhamu ya hewa inaubana. Mpishi anayelinda jiko lake na upepo na kuacha kupepea ovyo anachoma mishikaki mingi zaidi kwa debe lile lile.

Linabaki pingamizi la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote kwa mtu wa Ufipa. Yote haya, atasema, yanamfaa kuku wa broila anayechinjwa akiwa na wiki tano au sita, mwenye nyama laini kama mkate. Kuku wa vijijini, kuanzia Laela hadi Namanyere, ni wa kienyeji. Ametembea, amechakura, amefika uzito wa kuchinjwa baada ya miezi mitano au zaidi, na misuli yake imejaa nyuzi za kolajeni ambazo dakika 12 za makaa haziwezi kuzilegeza. Ni kweli kabisa. Kolajeni hugeuka jelatini laini kwa joto la unyevu na kwa muda mrefu, na jiko la kuchomea halina hata kimoja cha hivyo. Kuku mchanga wa kienyeji anaweza kuchomwa akikatwa vipande vidogo kukingama na nyuzi za nyama. Kwa aliyekomaa, akina mama wa Tanzania wana jibu la siku nyingi: achemshwe kwanza, kisha achomwe. Maji ya nyuzi 94 yanatosha kuilegeza kolajeni, yanahitaji subira zaidi tu kuliko pwani. Achemke taratibu na chumvi, kitunguu na tangawizi mpaka uma unaingia bila kulazimisha, lakini nyama isianguke kutoka mfupani, kisha aende motoni moja kwa moja bila kulazwa mezani.

Anayesema kwamba kuchemsha kunaipeleka ladha kwenye supu anasema kweli, na hapo ndipo penye dawa. Supu hiyo ichujwe, iondolewe mafuta ya juu, irudishwe jikoni bila mfuniko ipungue mpaka ibaki kama robo yake. Jelatini iliyotoka kwa kuku wa kienyeji itaifanya iwe nzito na yenye kunata, jambo ambalo supu ya broila wa wiki sita hailifanyi kwa kiwango hicho. Ongeza vijiko vichache vya asali, ndimu au ukwaju na pilipili iliyopondwa, chumvi uionje kwanza maana supu imeshakolea. Rojo hilo hushika kwenye nyama kwa jelatini badala ya kutegemea sukari nyingi, hivyo asali inayohitajika ni kidogo, na kidogo kikiungua huharibu kidogo. Nyama ikiwa imeshaiva kabla ya kufika kwenye waya, kazi ya makaa inakuwa kuikausha uso, kuipa rangi na harufu, kisha kulipokea rojo katika dakika za mwisho. Ule ugumu wa kuku wa kienyeji uliotajwa kama sababu ya kuiacha kanuni hii umegeuka kuwa sababu kubwa ya kuifuata. Ladha iliyotoka kwake inarudi juu yake, asali inatumika kwa kadiri, na mwinuko uliochelewesha sufuria umelipwa na kuku mwenye ladha ambayo broila hana. Mpishi wa Sumbawanga anayetaka mishikaki yake itafutwe na watu kutoka Kasanga hadi Tunduma ana kila kinachohitajika mkononi. Akubali tu kuuacha moto umalize kazi yake, ndipo afungue chupa ya asali.